Nani Anauza Kijiko?

Kabla ya kuutazama wembe, aliunusa. Ungempelekea wembe wa kukunja, zile nyembe za zamani ambazo makali yake hulala ndani ya mpini, naye angeupokea kwa mikono miwili, afumbe macho na kuupeleka puani, kama mama anayepima kama maziwa yamechacha. Wageni walicheka. Sisi tuliomzoea tulinyamaza, maana tulijua bei imeanza kutafutwa.

Nitamwita Kinyozi. Ndivyo soko zima la Matuu lilivyomwita. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, likisomwa mbele ya jeneza, na nikageuka kutazama anasemwa nani.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, upande wa wauza mahindi, kati ya mama wa uji na fundi wa viatu. Ndani mlikuwa na kiti kimoja, mashine mbili za kunyolea na kioo kikubwa chenye ufa. Ungedhani mtu aliyependa nyembe kuliko kitu chochote angenyoa kwa wembe. Hapana. Tangu ule ugonjwa uingie na watu wakatazwe kuchangia makali, hakumgusa mteja kwa wembe wa dukani. Alinyoa kwa mashine, na uso wake wakati huo ulikuwa wa mtu anayekunywa dawa chungu. Aliyetaka wembe alikuja na wake, na wembe huo ulikaa pale dukani ndani ya mkebe wenye jina la mwenyewe. Mikebe ilijaa ukuta mzima. Wenye majina wengine walikuwa wamekufa zamani, na mikebe yao ilipanguswa vumbi kila Jumamosi pamoja na ya walio hai.

Ndevu zake mwenyewe zilikuwa aibu ya kazi. Alijinyoa bila kioo, kwa sababu kioo, alisema, ni cha mteja. Basi chini ya taya lake la kushoto palibaki kishungi cha nywele ambacho wembe haukuwahi kukifikia, kwanza cheusi, kisha cha kijivu, mwisho cheupe kabisa.

"Kinyozi hajinyoi," mama wa uji alimwambia kila asubuhi akimpa kikombe. "Hiyo methali ilitungiwa hapa hapa."

"Hii nimeacha makusudi," alijibu. "Siku nikipotea, utaambia polisi nini? Mzee mweusi, ako na koti? Hao ni wengi. Wewe sema, ako na nywele hapa chini ya taya. Nitapatikana saa hiyo hiyo."

"Nani atakutafuta?"

"Wewe. Nani mwingine anakunywa hiyo uji yako bila kulalamika?"

Mimi ni mtu wa kuhama. Shule niliiacha darasa la saba, si kwa ujinga wala kwa umaskini peke yake, bali kwa sababu kila mara lori lilipopita nilitaka kujua linakwenda wapi. Nimepakia maembe Matuu, nimevunja mawe kwenye machimbo ya Mlolongo, nimelinda nyumba za kupanga, nimeuza maji kwa mkokoteni. Lakini kila msimu wa maembe nilirudi, na kila niliporudi nilikaa kwenye benchi la Kinyozi na kuuliza maswali. Wengine huchoka na maswali yangu siku ya pili. Yeye aliyapenda.

"Shule ndiyo ilikosa wewe," aliniambia. "Wewe hukukosa shule."

Sijawahi kuambiwa neno jingine zuri kuhusu shule.

Kwa hiyo nilijifunza. Pua ilikuwa ya mipini. Mipini ya pembe hunuka kidogo kama kwato ukiipasha moto mkononi. Mipini ya ile plastiki ya kale, iliyotengenezwa ifanane na gamba la kobe au pembe ya ndovu, hufika siku ikaanza kuoza, ikatoa harufu kali ya siki na dawa ya nondo. Uozo huo hula chuma. Na hauishii kwenye wembe wake. Ukiuweka wembe wa namna hiyo pamoja na wenzake, baada ya miezi michache wote wana kutu, hata waliokuwa wazima. Kinyozi alipousikia mnuko huo aliusogeza mkono mbali.

"Huyu ni mgonjwa," alisema. "Alale peke yake." Akauning'iniza nje, ukutani, kwenye mkebe wenye matundu.

Baada ya pua, shingo. Ile sehemu nene kati ya makali na mkia ndiyo ina muhuri wa mtengenezaji, herufi ndogo zilizopigwa kwenye chuma kikiwa bado laini. Kinyozi hakujua Kiingereza cha kutosha kusoma barua, na Kijerumani hata kidogo, lakini herufi hizo alizijua kama mchungaji anavyojua alama za masikio. Alinionyesha kwamba wembe unaotaja mji tu, bila nchi, mara nyingi ni mzee kuliko unaotaja nchi, kwa sababu ilifika wakati wanunuzi wa ng'ambo wakadai kila kitu kisemwe kimetoka nchi gani. Alinionyesha ubavu: za kale sana ni nene kama kabari, huwezi kuzipinda hata kwa nguvu, na zile za baadaye zimechimbwa pande mbili hadi chuma kinakuwa chembamba kama ganda la yai. Alinionyesha mgongo, kama umelika upande mmoja kwa sababu ya kunolewa na mtu mwenye haraka.

Mwisho, ukucha. Aliufungua wembe, akaushika kwa mkia, akapiga makali kwa ukucha wa kidole gumba, polepole sana, na sikio lake likiwa karibu.

"Wembe mzuri anaitika," alisema. "Mbaya anakohoa. Akiwa na ufa hata wewe huoni kwa macho, atakohoa."

Kwa Kinyozi wembe ulikuwa mtu. Nilijaribu kumsahihisha mara moja, nikakoma.

Nyembe hizi zilikuwa zimetapakaa Ukambani kuliko watu wanavyodhani. Zilirudi na wanaume waliotoka vitani, zikatoka majumbani kwa masetla pamoja na wapishi wao, zikatoka kwenye mashamba ya mkonge na kwenye reli. Zikakaa juu ya kenchi za nyumba, ndani ya soksi, chini ya Biblia. Halafu mtu mmoja akaanza kuja kutoka Nairobi na gari dogo na lenzi ya kuvalia jichoni, akinunua nyembe kuukuu kwa ajili ya watu wa ng'ambo wanaozikusanya. Habari zikaenea. Watu wakawa wanakuja Matuu kutoka Masinga, kutoka Kangundo, na wembe umefungwa kwenye karatasi ya mkate, na kabla ya kumwona yule mnunuzi wanapitia kwa Kinyozi wajue wana nini.

Hakutaja shilingi. Shilingi, alisema, leo iko hivi na kesho hivi. Alikuwa na ngazi yake ya mambo manne: kijiko, kuku, mbuzi, ng'ombe. Wembe wa kijiko ni wa kuweka nyumbani tu. Wa kuku una chuma kizuri lakini mpini umekufa. Wa mbuzi ni mzima, wa kawaida. Wa ng'ombe ulikuja mara chache, labda mbili kwa mwaka, na siku hiyo aliufunga mlango wa kibanda nusu saa akikaa nao peke yake.

Jamaa mmoja wa Kithimani alikuja akijivunia. Wembe wake ulikuwa unang'aa kama kioo. Alikuwa ameusugua kwa msasa, kisha kwa ule waya wa kuoshea sufuria, usiku na mchana, ili upate bei. Maandishi ya dhahabu yaliyokuwa ubavuni yalikuwa yamekwenda yote, ukibaki mkia mmoja wa herufi.

Kinyozi aliugeuza na kuugeuza. "Huyu alikuwa ng'ombe," alisema mwishowe. "Umemwosha mpaka amekuwa kuku."

"Na akiendelea kumwosha?" fundi wa viatu aliuliza kutoka nje.

"Atakuwa na yai," mama wa uji akamjibu.

Mwingine alileta wembe wenye mpini mweupe, wenye mistari midogo ikipitana kama wavu kwenye ncha. Kinyozi hakuunusa hata. Alimrudishia upesi kama aliyeshika kaa la moto.

"Ni bei gani, mzee?"

"Huyo hana bei. Huyo ako na kesi. Hiyo ni ndovu. Rudisha kwenu, na ukiulizwa, hukufika kwangu."

Nayasimulia haya kwa sababu nampenda, na pia kwa sababu nachelewesha. Kuna wembe mmoja sijausema.

Baba yangu alikuwa na mkebe kwenye ukuta ule. Wembe wake aliupata akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Ulitoka kwa nani hakusema. Mpini ulikuwa wa pembe nyeusi, na pini moja, ile ya karibu na mkia, ilikuwa imekatika zamani na Kinyozi akaitengeneza mwenyewe kwa kipande cha spoki ya baiskeli na kipete kidogo cha shaba. Kila Jumamosi baba alikwenda kunyolewa. Hawakuwa marafiki wa kutembeleana. Walikuwa marafiki wa mmoja kumpa mwenzake koo lake kila wiki na mwingine kuwa mwangalifu.

Baba alipokufa, Kinyozi alikuja mochari na mkebe wa baba kwapani. Hakuna aliyemwita. Aliomba maji ya moto, akavua koti, akamnyoa baba polepole, akivuta ngozi kwa kidole na kusimama mara kwa mara, kana kwamba baba angeweza bado kuumia. Kisha akauosha wembe, akaukausha kwa shati lake, akaukunja na kunipa.

"Wembe akinyoa maiti," aliniambia, "hagusi tena mtu aliye hai. Huyu amemaliza kazi. Sasa ni wa kukaa na wewe tu."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sina kitu, na nimezoea kuuliza kila kitu. Nikauliza pale pale, baba akiwa amelala kati yetu: "Ni wa bei gani?"

Kinyozi alinitazama. Akaufungua tena. Akaunusa. Akaupiga kwa ukucha, nao ukalia mlio mrefu mwembamba uliokwenda hadi kwenye vigae vya ukuta na kurudi. Sikujua maana ya mlio huo. Nilikuwa sijafundishwa bado.

"Kijiko," alisema.

Miezi minne baadaye nilikuwa Mlolongo, kwenye machimbo ya mawe, mvua zimeanza na miguu yangu imeoza ndani ya viatu vya turubai. Malori yalipanga foleni kusubiri mizani. Utingo mmoja, kijana mwenye pengo la meno ya mbele, aliuona wembe nikiufungua kukata kamba. Ndiyo, nilikuwa nakata kamba nao. Aliupenda. Alikuwa na buti za mpira, karibu mpya, zinanitosha. Tukabadilishana. Lori likaondoka kwenda Malaba, na mimi nikarudi kazini miguu mikavu, nikicheka moyoni kwamba nimemwibia mtu: buti nzima kwa kijiko.

Nilirudi Matuu msimu ule nikiwa nimevaa buti zile. Kinyozi aliuliza, "Wembe wa baba yako uko?"

"Uko, mzee."

Nilidanganya kwa wepesi tu, kama mtu anavyosema ameshakula. Nikaona ameridhika. Na kila mwaka aliuliza, na kila mwaka ulikuwepo.

Kisha ikawa ile siku ya yule mwanamke.

Alikuja kutoka upande wa Masinga, mtu wa makamo, amevaa nguo za msiba bado. Baba yake alikuwa amezikwa wiki hiyo. Alitoa wembe kwenye kona ya leso. Mimi nilikuwa kwenye benchi, na wakati huo nilikuwa nimekuwa mwanafunzi wake kwa miaka sita, nilijua kuusoma wembe. Mpini wa pembe, mzima. Shingo ina mji bila nchi. Ubavu umechimbwa mpaka unaona kivuli cha kidole upande wa pili. Kinyozi alipoupiga, uliitika mpaka mama wa uji akasimamisha mwiko.

"Kijiko, mama," Kinyozi alisema.

Mwanamke alitandaza leso magotini. "Basi ni wa kuweka tu."

"Ni wa kuweka tu."

Aliufunga tena kwenye leso, bila huzuni kubwa, akaenda. Mimi nilimngoja afike mbali.

"Mzee, yule ni ng'ombe."

"Ng'ombe kabisa. Ng'ombe wa maziwa."

"Mbona umemwambia kijiko?"

Alikuwa anakunja taulo. "Ni wembe wa marehemu. Mtu akitoka kuzika, ako na shida nyingi. Mwambie ni ng'ombe, kabla jua litue ameuza. Halafu miaka ikienda anatafuta kitu ya baba yake kwa nyumba yote, hakuna. Wamenirudia hapa wakilia, mwanake, kijana wangu, si mmoja, si wawili. Bei nitawaambia baadaye, wakishapoa. Mwambie ni kijiko, ataweka. Nani anauza kijiko?"

Alisema hivyo akitabasamu, kama mtu anayeonyesha mtego alioubuni mwenyewe.

Nani anauza kijiko? Watu wake hawauzi. Watu wenye nyumba, wenye kabati, wenye kaburi la baba nyuma ya jiko, kijiko kwao hukaa miaka hamsini kwenye droo kwa sababu hakuna sababu ya kukitoa. Hakufikiria kuhusu mtu asiye na droo. Mtu anayebeba kila alicho nacho mgongoni hutupa kwanza kile kisicho na bei.

Nilitazama miguu yangu. Buti zile zilikuwa zimechakaa zamani na nilikuwa nimezitupa, lakini nilizitazama hivyo hivyo.

Usingizi ulinipotea msimu ule. Nilikwenda Mlolongo, nikauliza kwenye mizani, kwenye vibanda vya chai, kwa wale wazee wa kuosha malori. Utingo mwenye pengo? Wako wengi. Mmoja alisema yule alihamia malori ya Juba. Mwingine alisema alikufa. Mwingine alisema mimi mwenyewe nafanana na mtu aliyekuwa akimtafuta utingo. Nilirudi huko mwaka uliofuata, na mwaka mwingine tena, na nilichoweza kuleta Matuu ni jibu lile lile: "Uko, mzee."

Baadaye Kinyozi alianza kukosea. Alimkata mteja sikio kwa mashine. Akamwita mama wa uji kwa jina la mke wake aliyetangulia. Ukungu mweupe uliingia kwenye macho yote mawili, na mikono ikaanza kutetemeka, isipokuwa inaposhika wembe. Mwanawe akaja kumchukua, akampeleka nyumbani kwao Kivaa. Kibanda kikafungwa. Mikebe, nasikia, ilirudishwa kwa wenyewe, na ya marehemu kwa watoto wao, mmoja mmoja, na kila mtoto akaambiwa bei ya kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Alikuwa amengoja wapoe.

Mimi peke yangu nilibaki.

Mama wa uji ndiye aliyenipigia simu. "Mzee wako anakutaka. Amesema ukuje na wembe wa baba yako. Amesema ako na bei yake, hataki kwenda nayo."

Nilikuwa Athi River wakati huo. Nilikwenda Machakos mjini, kwa mtu anayeuza kufuli za zamani na pasi za makaa, nikapekua sanduku lake la vyuma hadi nikapata wembe wenye mpini wa pembe nyeusi. Niliupiga kwa ukucha. Ulikohoa. Nikapekua tena, hakukuwa na mwingine. Nikaununua. Nikaenda kwa fundi wa baiskeli, nikamwomba aitoe pini ya karibu na mkia na kuweka kipande cha spoki, na kipete cha shaba. Fundi aliniuliza mbona naharibu pini nzima. Nikamlipa.

Nilimkuta Kinyozi ameketi nje ya jiko, juani, blanketi magotini, uso wake umejaa ndevu nyeupe hadi kifuani. Sikumtambua kwa sekunde kadhaa.

"Hamumnyoi?" nilimuuliza mke wa mwanawe.

"Amekataa. Anasema sisi tunashika wembe kama jembe."

"Ni nani huyo?" Kinyozi aliuliza.

"Ni mimi, mzee."

"Ah. Mwanake wa maswali." Akanyoosha mikono yote miwili. "Leta."

Nikampa. Mikono iliacha kutetemeka. Akaunusa, akatikisa kichwa kidogo. Kidole gumba kikapita kwenye mpini, kikaikuta spoki, kikakaa pale. Kikazunguka kipete cha shaba, mara moja, mara ya pili. Kisha akaufungua, akaushika kwa mkia, akausogeza sikioni na kuupiga.

Ukakohoa.

Niliusikia, na yeye aliusikia. Hakuupiga tena. Kuku wawili walikuwa wakiparua majivu karibu na miguu yake, nami niliwatazama hao kuku kana kwamba wao ndio watakaosema.

"Umeutunza," alisema.

"Nimeutunza."

"Basi nikwambie. Siku ile mochari nilikuambia kijiko. Haikuwa kijiko." Akaukunja polepole. "Huyu ni ng'ombe. Ng'ombe na ndama yake."

Akanirudishia mkononi. Akageuza uso upande wa jiko. "Mama! Leta maji moto na sabuni." Kisha kwangu: "Ninyoe."

"Na wembe gani?"

"Na huyu."

Nilisimama na wembe ule mkononi. "Mzee, lakini wembe wa marehemu..."

"Hagusi mtu aliye hai," alisema. "Najua. Ni mimi nilisema."

Akainua kidevu na kungoja, macho yake meupe yakitazama juani bila kupepesa.

Hapo nikamwambia. Nilimwambia mvua, na miguu, na utingo, na lori la Malaba, na buti za mpira. Nilimwambia miaka yote ya "uko, mzee". Nililia kama ambavyo sikulia mochari. Aliniacha nimalize.

"Hizo buti," aliuliza, "zilikutosha?"

"Zilinitosha."

"Hazikuingiza maji?"

"Hapana, mzee."

Mke wa mwanawe akaleta maji, akatutazama, akaondoka.

"Ni mimi nilikosea bei," Kinyozi alisema. "Mwenye kusema bei ndiye mwenye kosa. Nilijua wewe ni mtu wa kutembea. Ningekuambia ng'ombe, labda ungeogopa kumbeba, ungeniachia kwa mkebe. Nimefikiria hiyo maneno tangu nianze kukuuliza kama uko, na wewe unasema uko, na sauti yako inakohoa."

Alikuwa amejua. Miaka yote. Na kila mwaka aliuliza tena, akinipa nafasi.

Nilimnyoa. Wembe ulikuwa mbovu, ikabidi niunoe mara tatu kwenye mkanda wake wa zamani. Alinielekeza kwa maneno machache: vuta ngozi, usisukume, pumua. Nywele nyeupe zilianguka kwenye blanketi, na uso niliouzoea ukatoka chini yake kidogo kidogo, mwembamba kuliko nilivyouacha. Nilipofika chini ya taya la kushoto alinishika mkono.

"Hapo acha. Watanijuaje?"

Nikaacha kishungi. Alijipapasa uso wote, akakigusa kile kishungi, akaridhika.

"Anakohoa," alisema, "lakini ananyoa."

Alinisindikiza kwa sauti tu, kwa kuwa hakuweza kusimama. "Kyalo kiseo," aliniambia, safari njema, kisha akaita tena nikiwa nimefika kwenye ua. "Mwanake! Huyo wembe muweke vizuri. Nitamhitaji mara moja tena."

Simu ya Kivaa ilinikuta juu ya lori la mchanga, wiki tano baadaye. Nilifika mochari nikiwa na vumbi. Mwanawe alikuwa amengoja. Alisema baba yake aliagiza asiguswe na mtu mwingine. Niliomba maji ya moto. Nilivua koti. Nilivuta ngozi kwa kidole, sikusukuma, nilipumua. Na nilipofika chini ya taya la kushoto, niliacha.